Kosa liko wapi? Swali moja ndani ya fizikia, programu, mata na jeni

Mwaka 1947 Richard Hamming, mwanahisabati katika maabara za Bell nchini Marekani, alikuwa anapata nafasi ya kutumia kompyuta mwishoni mwa wiki tu. Mashine hiyo iliendeshwa kwa relei, yaani swichi za sumaku zinazofunga na kufunguka, na ilikuwa na akili ya kutosha kugundua kwamba kuna kosa limetokea. Siku za kazi ingesimama na fundi angekuja kuitengeneza. Jumamosi na Jumapili hakukuwa na fundi, kwa hiyo mashine iliitupa kazi yenye kosa na kushika ya mtu mwingine. Hamming alirudi Jumatatu akakuta kazi yake haijafanyika. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Akajiuliza swali lililozaa taaluma nzima: ikiwa mashine inaweza kujua kwamba kosa lipo, inashindwaje kujua liko wapi?

Nalianza na kisa hiki kwa sababu habari za sayansi hutufikia vipande vipande. Leo ni kompyuta ya kwanta, kesho paneli mpya ya sola, keshokutwa mgonjwa aliyehaririwa jeni. Msomaji anabaki akidhani ni nyanja nne zisizojuana. Mimi naona zinajuana sana. Ukichimba chini ya mafanikio makubwa ya miaka ya karibuni katika fizikia, uandishi wa programu, sayansi ya mata (yaani metali, silikoni, kioo na kila tunachotengenezea vitu) na jeni, mara nyingi unakutana na swali lilelile la Hamming. Tofauti iko kwenye kinachofanyika baada ya kosa kuonekana.

Tuanze na jibu lake mwenyewe, maana ukilielewa hilo mengine yote yanafunguka. Chukua kalamu na karatasi. Tuseme una tarakimu nne za kutunza: 1, 0, 1, 1. Chora nafasi saba mfululizo na uzipe namba kuanzia 1 hadi 7. Tarakimu zako ziweke kwenye nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Nafasi ya 1, 2 na 4 waachie walinzi. Mlinzi wa nafasi ya 1 anasimamia nafasi 1, 3, 5 na 7. Wa nafasi ya 2 anasimamia 2, 3, 6 na 7. Wa nafasi ya 4 anasimamia 4, 5, 6 na 7. Sharti lao ni moja: idadi ya tarakimu 1 katika eneo la kila mlinzi iwe shufwa, na ikihitajika mlinzi mwenyewe ageuke 1 ili itimie. Ukifuata sharti hilo unapata 0110011.

Sasa vuruga nafasi ya 6, iliyokuwa 1 iwe 0. Mfuatano unakuwa 0110001. Waulize walinzi mmoja mmoja. Wa nafasi ya 1 ana tarakimu 1 mbili katika eneo lake, ametulia. Wa nafasi ya 2 anazo tatu, idadi ni witiri, analalamika. Wa nafasi ya 4 anayo moja tu, naye analalamika. Jumlisha namba za waliolalamika: 2 na 4 ni 6. Kosa liko nafasi ya 6. Igeuze na kazi imekwisha.

Mara ya kwanza nilipolifanya zoezi hili nililirudia kwa nafasi zote saba, nikidhani kuna mahali litanikatalia. Halikatai. Hata mlinzi mwenyewe akiharibika, jumla ya malalamiko inamtaja yeye. Hamming alilichapisha wazo hili mwaka 1950, na vizazi vyake vimo ndani ya simu, satelaiti na diski zote tunazotumia. Lina mpaka wake: makosa mawili yakitokea kwa pamoja, walinzi wataelekeza kidole mahali pasipo. Uweke akilini mpaka huo, tutaurudia.

Kuna jambo jingine humo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Walinzi hawakuulizwa kamwe tarakimu zako ni zipi. Waliulizwa tu kama idadi katika eneo lao ni shufwa au witiri. Kosa lilipatikana bila mtu kuisoma habari yenyewe. Kwa kompyuta ya kawaida hilo ni la ziada tu. Kwa kompyuta ya kwanta ndiyo pumzi yake.

Kompyuta ya kawaida inatumia biti, ambayo ni 0 au 1. Kompyuta ya kwanta inatumia kyubiti, ambayo inaweza kuwa katika mchanganyiko wa 0 na 1 kwa uwiano wowote, na nguvu yake inatokana na mchanganyiko huo. Tatu ni shida zake. Kwanza, kyubiti ni dhaifu mno. Zile zinazotengenezwa kwa saketi za metali huhifadhiwa kwenye baridi ya sehemu ndogo ya digrii moja juu ya sifuri halisi, na bado joto kidogo au mtikisiko wa sumaku unazivuruga. Pili, ukiipima unauvunja mchanganyiko, inabaki 0 au 1 tu. Tatu, tangu mwaka 1982 imethibitishwa kwamba sheria za fizikia haziruhusu kunakili hali ya kyubiti usiyoijua. Unaona ugumu: huwezi kuiangalia, huwezi kutunza nakala ya akiba, na inaharibika yenyewe. Wapo wanafizikia wa heshima waliosema kwa sababu hizo kwamba kompyuta ya namna hii itabaki kwenye karatasi.

Mwaka 1995 Peter Shor alionyesha kwamba habari ya kyubiti moja inaweza kusambazwa ndani ya kyubiti tisa zilizofungamana, na kisha ukauliza maswali ya aina ya walinzi wa Hamming: je, jirani hawa wawili wanakubaliana au wanatofautiana? Jibu linakuambia kosa liko wapi huku habari yenyewe ikibaki haijaguswa. Mwaka uliofuata Andrew Steane wa Oxford alipunguza hadi kyubiti saba, na mpango wake aliujenga moja kwa moja juu ya nafasi saba za Hamming, zilezile tulizochora hapo juu. Swali la wikiendi iliyoharibika likawa limeingia kwenye msingi wa fizikia.

Kutoka kwenye karatasi hadi kwenye mashine ikachukua karibu miaka thelathini, na sababu yake inaeleweka. Kila kyubiti ya ulinzi unayoongeza nayo inakosea. Walinzi wakiwa wazembe kuliko kiwango fulani, kuwaongeza kunazidisha fujo. Wakiwa bora kuliko kiwango hicho, kila ukiwaongeza kosa linapungua, tena kwa kasi inayokua. Kuvuka mstari huo ndiyo lilikuwa lengo. Mwishoni mwa 2024 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kifaa chao chenye kyubiti 105 kiitwacho Willow. Walipanga kyubiti za habari katika mraba wa 3 kwa 3, kisha 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, na katika kila hatua kiwango cha kosa kilishuka kwa zaidi ya nusu. Vichwa vya habari vilivutiwa na kasi ya kompyuta hiyo. Kwangu mimi habari kubwa ilikuwa ule mteremko: ukubwa ulikuwa umeanza kuleta utulivu badala ya fujo.

Na tazama makadirio ya kazi ambayo wengi wanaiogopa, ya kuvunja usimbaji wa RSA wa biti 2048, mmoja wa ule unaolinda mawasiliano ya intaneti. Mwaka 2019 hesabu ya watafiti ilikuwa kyubiti milioni 20 zenye makosa, kwa muda wa saa 8. Mwaka 2025 mmoja wa watafiti haohao, Craig Gidney, aliishusha hadi chini ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Hesabu zote mbili zimechukulia kyubiti za ubora uleule. Kilichobadilika ni mpangilio wa hesabu na wa marekebisho, yaani kazi ya mwandishi wa programu.

Kuna tatizo lililobaki. Watafiti walewale wa Google waliona kwamba takriban mara moja kwa saa kunatokea wimbi la makosa mengi kwa pamoja. Hapa ndipo ule mpaka wa Hamming unaporudi. Ulinzi wote huu umejengwa juu ya imani kwamba makosa hayapangi njama. Likitokea huku, kule kuna usalama. Yakija pamoja, walinzi wanadanganyika. Waandishi wa programu wanaujua uchungu huo kuliko yeyote.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Ilikuwa na kompyuta mbili za kuongoza, moja kazini na nyingine ya akiba, ili ya kwanza ikifa ya pili ishike. Sekunde 37 hivi baada ya injini kuwashwa, programu ilijaribu kuibana namba ya biti 64 ndani ya nafasi ya biti 16. Nafasi hiyo haipokei namba inayozidi 32,767, na namba iliyokuja ilikuwa kubwa zaidi. Kompyuta ya akiba ilikuwa imekwisha kufa muda mfupi sana kabla, kwa sababu ileile, maana ilikuwa inaendesha programu ileile. Iliyokuwa kazini ikatuma ujumbe wa hitilafu. Chombo kikauchukua ujumbe huo kama takwimu za safari, kikazipinda bomba za injini hadi mwisho, na roketi ikavunjika angani ikiwa na satelaiti nne za utafiti.

Kinachouma ni kwamba hesabu iliyoua roketi ilikuwa haina kazi tena baada ya kuruka. Ilirithiwa kutoka Ariane 4, iliyoruka kwa mwendo mwingine, na ambako namba hiyo isingefika ukubwa ule. Kila mstari wa programu ulifanya ulichoagizwa. Kosa lilikuwa ndani ya dhana ambayo hakuna aliyeiandika popote: kwamba roketi mpya itaruka kama ile ya zamani. Nakala mbili za dhana potofu ni dhana potofu moja.

Ndiyo maana maendeleo makubwa ya uandishi wa programu kwa miaka hii yamechukua njia nyingine. Badala ya kusubiri kosa litokee ndipo litafutwe, lugha yenyewe inalikataa kabla programu haijaendeshwa. Mfano ninaoupenda ni Rust, lugha iliyotoa toleo lake la kwanza imara mwaka 2015. Katika lugha za zamani kama C, sehemu mbili za programu zinaweza kushika kipande kimoja cha kumbukumbu. Moja inakiachia, nyingine inaendelea kukitumia bila kujua kwamba kimekwisha kupewa kazi nyingine. Wadukuzi hupita hapo. Microsoft walieleza mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 70 ya matundu ya usalama waliyokuwa wakiyaziba kila mwaka yalitokana na makosa ya kumbukumbu ya aina hii. Rust inadai kila kipande cha kumbukumbu kiwe na mmiliki mmoja. Anayetaka kukitumia anaazima. Na mmiliki haruhusiwi kukiachia kikiwa bado kimeazimwa. Kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya mwandishi kuwa programu, inakagua mikopo yote, na ukivunja sharti inakataa kutengeneza programu na kukuonyesha mstari wenye kosa. Google walipoanza kuandika sehemu mpya za Android kwa lugha zenye ulinzi wa namna hii, sehemu ya matundu yanayotokana na makosa ya kumbukumbu ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024. Sehemu za zamani hazikuandikwa upya zote. Zilizokuwa mpya ziliandikwa vizuri, basi.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakathibitisha programu kama nadharia ya hisabati. Kiini cha mfumo endeshi kiitwacho seL4, kilichokamilishwa Australia mwaka 2009, kina mistari ya C ipatayo 8,700. Uthibitisho wake ulifika mistari kama 200,000. Gharama ni kubwa, na bado uthibitisho unasema tu kwamba programu inafanya kilichoandikwa kwenye maelezo yake. Maelezo yakiwa na dhana ya Ariane ndani yake, uthibitisho utapita salama.

Mpaka hapa kosa limekuwa adui. Kwenye mata mambo yanageuka.

Tafuta waya mnene wa shaba, uukunje kisha uunyooshe. Mara ya kwanza unakubali bila ubishi. Jaribu kuukunja tena palepale na utasikia mkononi kwamba sasa umekuwa mgumu. Hakuna ulichoongeza. Ni shaba ileile. Kimebadilika nini?

Shaba, kama metali nyingi, imeundwa kwa fuwele: atomu zimejipanga safu kwa safu kwa utaratibu unaojirudia. Mwaka 1926 mwanafizikia wa Urusi Yakov Frenkel alipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kuiteleza safu moja ya atomu juu ya nyingine. Namba aliyoipata ilikuwa kubwa kuliko nguvu inayopinda metali kweli, kwa mamia hata maelfu ya mara. Kwa hesabu ile, hakuna mkono wa mtu ambao ungeweza kuupinda waya huo. Jibu lilikuja mwaka 1934 kutoka kwa watu watatu kila mmoja kivyake: Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Fuwele halisi zina mahali ambapo safu ya atomu imekatika katikati, nitapaita mteguko. Fikiria zulia zito sakafuni. Kulivuta lote kwa pamoja kunakushinda, lakini ukilitia mkunjo upande mmoja na kuusukuma mkunjo huo hadi upande wa pili, zulia zima litakuwa limesogea. Mteguko ndio mkunjo. Waya unapindika kwa sababu una kasoro. Na unakuwa mgumu mara ya pili kwa sababu kupinda kumezalisha miteguko mingi mno, ikafungana kama nyuzi zilizotatana na kuzuiana njia.

Kwa hiyo mhunzi aliyepiga chuma kwa nyundo, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kujua atomu, alikuwa anapanda kasoro kwenye metali. Fundi wa leo anafanya hivyo akijua anachofanya. Mapanga ya turbini yaliyo karibu na moto wa injini za ndege hukuzwa kila moja kama fuwele moja isiyo na mpaka ndani yake, kwa sababu kwenye joto kali metali hulegea kuanzia kwenye mipaka ya fuwele. Silikoni ya transista husafishwa hadi usafi wa ajabu, kisha huchafuliwa kwa kipimo: atomu moja ya fosforasi kati ya milioni kadhaa za silikoni inatosha kuongeza uwezo wa kupitisha umeme maelfu kwa maelfu ya mara. Bila uchafu huo wa makusudi hakuna kompyuta.

Kasoro moja ya almasi imenikaa moyoni. Ng'oa atomu moja ya kaboni, na mahali pa jirani yake weka naitrojeni. Pengo hilo linashika elektroni zenye tabia za kwanta, tena hata kwenye joto la kawaida la chumba. Limulike kwa mwanga wa kijani, linang'aa mwekundu, na ukali wa wekundu huo unabadilika kulingana na sumaku iliyo karibu. Watafiti wanazitumia almasi za namna hiyo kupima sumaku hafifu mno katika vitu vidogo kama seli hai. Almasi isiyo na doa, ambayo sonara angeichagua, isingefaa kabisa kwa kazi hiyo.

Paneli za sola nazo zimeingia kwenye hadithi hii. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walitengeneza seli ya sola kwa fuwele za jamii ya perovskaiti, iliyogeuza asilimia 3.8 ya mwanga kuwa umeme. Leo seli za aina hiyo zimepita asilimia 26 maabara, na zikiwekwa juu ya silikoni, pamoja zimepita 34. Silikoni inadai usafi na joto kali kiwandani. Perovskaiti inaweza kuchorwa kutoka kwenye kimiminika, ikakauka na kasoro tele, na bado ikafanya kazi, kwa sababu kasoro zake nyingi hazinasi elektroni zinazopita. Inasamehe. Isichosamehe ni unyevu na joto la miaka mingi juu ya paa, na ndiyo kazi iliyobaki kabla haijaaminiwa kama silikoni inavyoaminiwa.

Uchafu unaweza pia kumlaghai mtafiti mwenyewe. Julai 2023 kundi moja la Korea Kusini lilitangaza kwamba mata yao, LK-99, inapitisha umeme bila ukinzani wowote hata kwenye joto la kawaida. Dunia ya fizikia haikulala kwa wiki kadhaa. Kisha ikaonekana kwamba vipande vile vilichanganyika na salfaidi ya shaba, ambayo ukinzani wake unashuka ghafla karibu na nyuzi 104 za Selsiasi, na mshuko huo ndio ulioonekana kama muujiza. Watafiti wa Stuttgart walipoikuza LK-99 ikiwa fuwele safi, ilitoka ya zambarau, inapitisha mwanga, na haipitishi umeme. Miaka 12 nyuma yake, mwaka 2011, jaribio la OPERA liliona chembe ziitwazo nyutrino zikifika Italia kutoka CERN, maabara ya fizikia iliyoko Uswisi, nanosekunde 60 kabla ya mwanga. Walitafuta kosa kwa miezi, wakalikuta: kebo ya mwanga haikuwa imekazwa sawasawa. Wapo wanaoyataja matukio haya kama aibu. Mimi nayaheshimu. Kosa lilitafutwa hadharani mpaka likapatikana mahali lilipo.

Wana jeni walikuwa na lao, dogo kwa sura. Programu ya jedwali ya Excel ilikuwa ikiyasoma majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 na kuyageuza tarehe kimyakimya. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta kwamba takriban makala moja kati ya tano zilizoambatisha orodha za jeni katika Excel ilikuwa na makosa hayo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Jeni ilikuwa rahisi kuhama kuliko programu.

Na sasa tuiangalie jeni yenyewe, maana humo swali la Hamming lilijibiwa mabilioni ya miaka kabla Hamming hajazaliwa.

Kila seli yako inapogawanyika inanakili takriban herufi bilioni sita za DNA. Kimeng'enya kinachonakili kikiachwa peke yake hukosea kama mara moja kwa kila herufi 100,000; hayo yangekuwa makosa 60,000 kwa nakala moja. Lakini kimeng'enya hichohicho kinahisi herufi iliyokaa vibaya, kinarudi nyuma, kinaikata na kuandika upya, na makosa yanabaki mamia. Kisha unapita ukaguzi wa pili, na yanabaki moja au machache sana.

Ukaguzi huu wa pili ndio ulioniteka. DNA ni nyuzi mbili zinazokabiliana, A na T, G na C. Mkaguzi akikuta G imekabiliana na T anajua kuna kosa. Je, iliyokosewa ni G au T? Akirekebisha uzi usio sahihi atakuwa ameliandika kosa kwa wino wa kudumu. Paul Modrich alionyesha jinsi bakteria wa Escherichia coli wanavyolijua hilo: uzi wa zamani umepigwa alama ndogo za kikemikali, na uzi mpya kwa dakika chache unakuwa bado haujapigwa. Mkaguzi anatafuta uzi usio na alama na kuurekebisha huo. Kwa binadamu dalili ni nyingine, ikiwemo mikato iliyo kwenye uzi mpya, ila mantiki ni ileile. Kwa kazi za urekebishaji wa DNA, Modrich, Tomas Lindahl na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2015.

Yanayoponyoka ukaguzi ndiyo tunayorithi, mazuri na mabaya. Selimundu inatokana na herufi moja katika jeni ya himoglobini: A imekuwa T. Protini inapata kiungo kimoja kinachonata, himoglobini zinashikana kuwa nyuzi ngumu, na seli ya damu inajipinda kama mundu. Aliyerithi nakala mbili anaumia. Aliyerithi moja analindwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu kosa hili halikufutika.

Tiba ya kwanza ya CRISPR (mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa) kuidhinishwa, Casgevy, iliruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, na wengi wanadhani inaisahihisha herufi hiyo. Haiigusi. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, mkasi wa CRISPR unakata DNA mahali pengine kabisa, kwenye swichi inayoiwasha jeni iitwayo BCL11A ndani ya seli zinazotengeneza damu. Seli inaunga pale palipokatwa kwa haraka na kwa uzembe, na uzembe huo unaiharibu swichi. BCL11A ndiyo inayozima himoglobini ya utotoni, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Ikinyamazishwa, himoglobini ya utotoni inarudi na kubeba oksijeni kwenye damu. Kosa moja limetegwa ili kulizunguka jingine. Mgonjwa hulipia njia hiyo kwa dawa kali za kuua uboho wa zamani kabla seli hazijarudishwa.

Zana mpya zaidi, iliyotoka maabara ya David Liu kuanzia 2016, haikati nyuzi zote mbili. Inabadilisha herufi moja kikemikali kwenye uzi mmoja. Lakini hapo linazuka tatizo tunalolijua: nyuzi mbili sasa hazikubaliani, na mkaguzi wa seli anaweza kuifuta kazi ya daktari na kuirudisha herufi ya ugonjwa. Liu na wenzake wakafanya jambo ambalo nikilifikiria bado nashangaa. Waliipa zana yao uwezo wa kuukata kidogo ule uzi ambao haukuhaririwa. Mkaguzi anauona mkato, anaamini uzi huo ndio mpya na ndio wenye kosa, na anauandika upya akifuata uzi wa daktari.

Mwaka 2025 mtoto mchanga huko Philadelphia, aliyezaliwa na ini lisiloweza kuondoa amonia mwilini, alipewa zana ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya herufi yake peke yake, ndani ya miezi sita hivi. Ilibebwa hadi kwenye ini ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta, jamii moja na vile vilivyobeba chanjo za mRNA. Dozi ya kwanza aliipata Februari, mbili nyingine zikafuata. Baada yake aliweza kula protini zaidi, na dawa yake ya amonia ikapunguzwa.